Kichocho Kilichonipata Nikijifunza Kuogelea

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua. Ni mwanamume, ana nguvu zake, na wiki hii ameona wekundu kwenye mkojo wake. Hajamwambia mtu. Anajiambia ni kitu alichokula. Ndugu yangu, mimi nilijiambia hivyo kwa miezi minne, na kama nipo hai leo ni kwa bahati, si kwa akili. Keti nikusimulie.

Naitwa Ramadhani, ila Cheyo nzima, mtaa wetu hapa Tabora, inaniita Fundi. Cherehani yangu iko barazani kwangu, na hapo nimeshona sare za shule, kanzu za Idi na kaptura za khaki tangu nilipooa. Mwaka ninaousimulia, habari za watu kuhamia vijiji vya ujamaa ndiyo kwanza zilikuwa zimepamba moto, khaki ilikuwa haipatikani bila kupanga foleni kwenye duka la ushirika, nami nilikuwa na miaka thelathini na sita pamoja na kitambi kilichokuwa kikigusa meza ya mashine.

Kiangazi hicho bwana michezo wa wilaya alirudi kutoka masomoni ng'ambo akiwa na wazo. Huko alikuwa amesikia kwamba kuna watu wanaogelea, kisha wanapanda baiskeli, kisha wanakimbia, yote siku moja, na hawalipwi. Akatangaza kuwa sisi nasi tutafanya. Tungevuka bwawa lililo nje ya mji kwa kuogelea, tupande baiskeli mpaka Puge, halafu kutoka Puge tukimbie mpaka Nzega. Mshindi angepewa tairi mbili mpya za baiskeli. Kwa jinsi tairi zilivyokuwa zimeadimika, hata imamu mmoja aliulizia masharti.

Nilijiandikisha kwa sababu ya kitambi, na pia kwa sababu wateja walikuwa wakinitania kwamba miguu yangu imekanyaga cherehani miaka kumi na tano bila kufika popote. Baiskeli niliijua. Mbio niliamini zitakuja zenyewe. Shida ilikuwa maji. Mimi ni mtoto wa Tabora. Maji niliyoyazoea ni yale ya kwenye ndoo.

Aliyenifundisha ni Deo, bwana nyuki, kijana wa Usinge aliyekulia kando ya mto. Kazi yake ilikuwa kuzunguka misituni kuwafundisha watu kufuga nyuki kwa njia za kisasa, na alikuwa mkimya kama watu wengi waliozoea kusogea polepole karibu na mizinga. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda bwawani. Kwa kuwa niliogopa kina, tulikaa ukingoni, penye majani, maji yakinifika kifuani. Deo alinishika tumbo kwa mkono mmoja, nami nikapiga miguu na mikono nikiwa nimefumba macho. Wanawake waliokuja kufua waliacha kufua. Mmoja alimuuliza Deo kama nimepagawa na kama ameshanipeleka kwa mwalimu wa madrasa.

Tulikaa hapo Jumamosi baada ya Jumamosi, muda wa saa tatu kila mara, mahali ambapo, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye, kila jani lilikuwa na konokono wake. Jioni nilikuwa nikijikuna miguu. Nikasema ni majani.

Wekundu wa kwanza niliuona joto lilipoanza kupanda, wiki chache kabla ya mashindano. Ulikuja mwishoni mwa mkojo, matone machache, na maumivu kama ya pilipili. Siku iliyotangulia nilikuwa nimekunywa juisi nyekundu ya choya, basi nikamsingizia choya. Nikaacha choya. Wekundu haukuacha. Nikaona basi ni kiti cha baiskeli, ambacho chuma chake kilikuwa kimekaa vibaya. Nikakishonea mto wa pamba. Halafu nikashona wa pili juu ya wa kwanza, na wa tatu. Siku ya mashindano nilikuwa nimekaa juu sana hata miguu ilifikia pedeli kwa shida, na bado nikikojoa nilikuwa nikiuma meno.

Kuhusu mashindano yale ya kwanza sina mengi ya kujivunia. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Bwawa nililivuka wa mwisho, huku mvuvi akinifuata na mtumbwi wake na kunishauri nikate tamaa. Kwenye baiskeli nilishuka kila baada ya muda kwenda porini, mpaka mkulima mmoja akanifuata kujua ninaficha nini kwenye shamba lake. Nilipofika Puge miguu ilikuwa haina nguvu kabisa. Nikapandishwa kwenye lori la pamba. Deo alimaliza wa nne, nami nilifika Nzega nimelala juu ya marobota, nikimshangilia kwa mkono mmoja.

Sasa nikueleze habari ya mke wangu, Mama Saidi, maana ugonjwa huu ulipita nyumbani kabla ya kufika hospitali.

Yaangalie mambo kwa macho yake. Mumewe ana miaka thelathini na sita. Kila Jumamosi anatoka nyumbani na taulo. Anarudi mchana ameshaoga, ana njaa, amechoka, na hasemi mengi. Akiulizwa alikuwa wapi, anajibu kwamba anajifunza kuogelea. Baada ya miezi kadhaa, mke anafua kaptura za mumewe na anaona madoa ya damu mahali pasipostahili. Mashindano yameshakwisha, kwa hiyo kiti cha baiskeli hakiwezi tena kusingiziwa. Wewe ungefikiri nini?

Hakugomba. Ningemshukuru Mungu kama angegomba. Aliitundika kaptura kwenye kamba ya barazani, upande wa doa ukitazama cherehani, akaiacha hapo siku nzima wateja wakiingia na kutoka. Mimi nilishona kichwa chini. Jioni aliniuliza swali moja tu, huyo mwanamke anakaa mtaa gani. Nikamwambia hakuna mwanamke. Akaniuliza basi ni nini. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kusema sijui, naogopa. Nikasema ni rangi ya kitambaa.

Ukimwambia mke wa fundi cherehani kwamba khaki inatoa rangi nyekundu, umejitafutia. Mvua za kwanza ziliponyesha aliwachukua watoto, akasema anakwenda Puge kumsaidia mama yake kulima. Alifunga mizigo ya mtu asiyekwenda kulima tu. Alichukua hata sufuria kubwa.

Nikakaa peke yangu, nikila mihogo ya kuchemsha, nikikonda. Kitambi kilikwisha bila mimi kukimbia hatua. Suruali zangu nilizipunguza kiunoni mara mbili. Nilipokuwa nikipunguza mara ya tatu, mvua ikinyesha, nikaona nakunja kitambaa kingi kuliko ninachobakiza. Nikaiweka sindano chini, nikavaa kanzu, nikaenda hospitali.

Benchi la kusubiri lilikuwa refu, limekaa ukutani kwenye ukumbi wazi, na magonjwa yote ya sehemu hizo yalisubiri pamoja. Wenye magonjwa ya zinaa, wenye kichocho, wenye ngiri, sote tulikaa bega kwa bega na kila mmoja alikuwa anamwogopa jirani yake. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Ukiingia unatoa salamu ukiwa umeinamisha kichwa, unaitikiwa na miguu. Nilikuwa nimekaa hapo kama saa nzima nilipotambua viatu vya mtu wa nne kutoka kwangu. Vilikuwa na madoa ya nta.

Nilinyanyua kichwa. Deo naye akanyanyua. Nikamwambia nimekuja kumwona mgonjwa. Akasema naye amekuja kumwona mgonjwa. Kisha nesi akatoka na daftari, akaita kwa sauti ya kusikika sokoni, Deogratias, mkojo wa damu, miezi mitatu. Deo akasimama. Akanipita akitazama mbele. Jina langu likafuata, na miezi yangu ikatajwa kuwa minne.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni jinsi mkojo wenyewe unavyotafutwa. Tulipewa vichupa, tukaambiwa tusikojoe bado. Ilibidi kwanza turuke na kukimbia kuzunguka jengo, maana bila kutikisika vizuri mayai ya mdudu hayatoki. Tabibu alitufafanulia hivyo bila kucheka. Nadhani alikuwa ameshachoka kucheka. Wagonjwa wengine walizunguka jengo mara mbili kwa uvivu. Mimi na Deo tulitazamana, na sijui kiburi gani kilituingia. Tulizunguka mara kumi. Mzunguko wa mwisho nilimshinda kwa hatua mbili, kichupa mkononi, na waliokuwa benchini wakapiga makofi. Hayo ndiyo mashindano pekee niliyowahi kumshinda Deo.

Majibu yalitoka siku ileile. Kichocho, sote wawili. Tabibu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisema tumekipata majini, kwa konokono. Nilimuuliza kama anaweza kuniandikia jambo hilo kwenye karatasi, neno konokono liwe na herufi kubwa, nimpelekee mke wangu. Akadhani natania.

Tiba ya wakati ule ilikuwa sindano kumi na mbili za mshipani, moja kila siku ya pili. Siku hizi nasikia ni vidonge tu, na nawaonea wivu. Sindano ile ilisukumwa polepole kama mtu anayehesabu dua, na kabla haijatoka mkononi kikohozi kilikuwa kimeshakukaba. Baada ya kikohozi kulikuwa na kutapika, na ukirudi nyumbani mabega na meno yalikuwa yanauma. Ilitupasa kulala saa nzima kwenye mikeka kabla ya kuondoka. Tabibu alitukataza kukimbia, kupanda baiskeli na kubeba ndoo, kwa sababu dawa ile ilichezea moyo.

Hesabu yangu ya siku iligeuka hesabu ya sindano. Maembe yalikwisha sokoni kwenye sindano ya tatu. Sindano ya nne barabara ya kwetu ilikatika kwa mvua na nilivuka mfereji nimepandishwa mgongoni na mteja ambaye nilikuwa nimemchelewesha kanzu. Sindano ya tano nesi yule mwenye sauti kubwa alinipa nusu ndimu ninyonye kabla ya kuchomwa, na kutapika kukapungua. Kila siku ya sindano baada ya hapo alikuwa na ndimu mfukoni. Hakuwahi kusema neno la upole, hata moja, na ndimu hakuwahi kuikosa.

Sindano ya saba ndiyo ninayokuandikia wewe unayeficha. Nilikuwa nimelala mkekani, moyo ukaanza kudunda vibaya, unapiga, unasimama, unapiga mara tatu kwa pamoja. Paa likaenda mbali. Nilimsikia Deo akiita. Nilipopata fahamu nilikuwa kitandani wodini, tabibu ameshika mkono wangu na anatazama saa, na uso wake haukunipendeza. Alisema mwili wangu umechoka kwa sababu nimechelewa sana kuja, damu imepungua, na kwamba tusimame wiki moja tuone. Aliuliza ndugu zangu wako wapi. Mtu wa hospitali akiuliza ndugu zako wako wapi kwa sauti ya chini, unaelewa.

Deo naye alikuwa amechomwa sindano saba na amekatazwa baiskeli. Kesho yake asubuhi alipanda baiskeli yake akaenda Puge, njia yote ya matope, siku nzima, akipumzika kila baada ya maili mbili kusikiliza moyo wake mwenyewe. Alifika shambani kwa mama mkwe wangu, Bi Kabula, akakaribishwa uji. Hapo alipata kazi ngumu kuliko barabara. Yeye ni kijana asiyeoa, mkatoliki mwenye haya, na mbele yake yuko mkwe wangu, mama mtu mzima wa Kinyamwezi ambaye hatajiwi vitu vya chini ya mshipi. Nilivyosimuliwa, alianza kwa kueleza kwamba kwenye bwawa kuna konokono. Bi Kabula akasema amesikia. Akaeleza kwamba ndani ya konokono kuna mdudu. Bi Kabula akasema sawa. Akaeleza kwamba mdudu huyo huingia kwa mtu kupitia ngozi, na akishaingia, ile njia ya maji ya mtu inaharibika. Bi Kabula alifikiri mifereji ya shamba. Ikawachukua uji wa bakuli mbili kufika kwenye mkojo.

Mama Saidi alifika na lori siku ya tatu. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa tabibu, akamuuliza kama ugonjwa huu unaambukizwa na mwanamke. Tabibu akasema hapana. Akamuuliza tena kwa maneno mengine, kama mtu anayepima kitambaa mara ya pili. Tabibu akampeleka kwenye darubini, akamwonyesha. Ndipo akaja kitandani, akaketi, akanitazama muda mrefu mifupa ya uso.

"Nimekaa Puge miezi miwili namchukia mwanamke ambaye hayupo," alisema.

Nikamwambia nimekosa.

"Umekosa nini? Sema."

"Kukuficha."

"Kitu kikitoka mwilini mwako, Baba Saidi, rangi yoyote, wa kwanza kuambiwa ni mimi. Kabla ya Deo."

Kisha akafungua mfuniko. Alikuwa amebeba kuku wa mama yake, kutoka Puge, ndani ya lile sufuria kubwa.

Sindano tano zilizobaki alikaa pembeni ya mkeka wangu. Zile ndimu sasa walikuwa wakiletewa watu wawili, maana nesi alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Nilimaliza ya kumi na mbili wakati wa kung'oa karanga. Wiki kadhaa baadaye, asubuhi moja, nilikojoa kwenye kichupa cha vipimo nikakinyanyua kwenye mwanga, na kilikuwa cheupe, cheupe kabisa. Nikamwita Mama Saidi. Akaja na unga mikononi, akakitazama, akaita watoto. Tulisimama uani sote watano tukikiangalia, mpaka jirani akauliza ukutani kama tumepata redio.

Nilirudi kwenye mazoezi kidogo kidogo, kwa ruhusa ya tabibu, nikianza kwa kutembea mpaka msikitini. Kilichobaki kilikuwa bwawa. Kiangazi kilipoingia bwana michezo aliita mkutano wa washindani wa mwaka wa pili, na tabibu akaomba nafasi ya kusema. Mama Saidi alinisindikiza akasimama mlangoni, kwa sababu tangu siku ile haniruhusu kuhudhuria chochote kinachohusu maji peke yangu. Tabibu aliuliza kama kuna mtu kati yetu aliyeona damu kwenye mkojo tangu tulipoogelea.

Wanaume kumi na wanne, vifua mbele, tunatazama dari. Nilifikiri juu ya ile kaptura kwenye kamba. Nilifikiri juu ya sindano ya saba. Nikanyoosha mkono, nikahisi masikio yanawaka. Deo akanyoosha wake. Kisha karani mmoja wa reli akanyoosha nusu, hadi usawa wa bega. Halafu mwalimu, na fundi seremala, na mwingine, na mwingine. Tulipohesabiwa tulikuwa tisa. Tukageuka kumtazama bwana michezo aliyekaa meza kuu. Naye polepole akanyanyua kalamu.

Kuogelea kukafutwa siku hiyohiyo. Lakini bila kuogelea michezo ilibaki miwili, na bwana michezo alisikitika, akasema ng'ambo ni mitatu. Watu wakapendekeza kuruka kamba, kukata kuni, hata bao. Mama Saidi akazungumza kutoka mlangoni.

"Babu zao walibeba pembe kichwani mpaka Pwani. Na wao wabebe kitu."

Ikawa hivyo. Asubuhi ya mashindano tulianzia nje ya mji kwenye barabara ya zamani ya misafara, kila mmoja na gunia la karanga la kilo ishirini, tukaingia Tabora mbio za mpagazi huku wazee wakitoka barazani kutusahihisha shingo. Deo, bingwa wa maji, aliangusha gunia mara tatu. Mimi nilishika nafasi ya tano, kwa sababu nilikuwa nimejishonea kata ya pamba ya kuweka kichwani kwa ile mito mitatu ya kiti cha baiskeli. Kutoka hapo tukapanda baiskeli.

Nilivaa suruali ndefu ili nisichubuke, na ndani yake nilikuwa nimevaa kaptura fupi ya kukimbilia. Mpango ulikuwa nikifika Puge niivue suruali, niiache na baiskeli, nitoke mbio. Nilifika Puge wa sita, miguu mizima, bila kushuka porini hata mara moja. Baiskeli zilikuwa zinawekwa barabarani mbele ya kijiji kipya. Nilikuwa nimeshafungua mkanda, suruali imefika mapajani, niliposikia sauti nyuma yangu ikiniita baba.

Serikali ilikuwa imewahamisha watu wa mashambani kukaa barabarani, nyumba kwa mstari. Nyumba ya nne ilikuwa ya Bi Kabula. Alikuwa amesimama mlangoni pake na kata ya maji, na nyuma yake kijiji kizima.

Nilivuta suruali juu. Nikachuchumaa kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe, macho chini, nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba. Akaniuliza habari za Tabora. Nikasema njema. Washindani wawili wakanipita. Akaniuliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa jina, na za cherehani. Njema, mama. Mwingine akapita, alikuwa Deo, naye hakusimama. Akauliza habari za njiani. Nikajibu, mkanda wazi, nikishika kiuno cha suruali kwa mkono mmoja na kata ya maji kwa mwingine. Halafu akainama kidogo, na kijiji kikainama naye.

"Na mkojo?"

"Mweupe, mama."

"Haya," alisema. "Kimbia."

Nikafunga mkanda, nikakimbia mpaka Nzega na suruali ndefu.